Jinsi Luleå Walivyobaki Kwenye Mtoano

Wanangu wa Tensta na Hjulsta, na ninyi wa Sundbyberg mnaopanda treni kuja kula pilau kwetu,

Juzi tulipokuwa tunakunja viti baada ya harusi ya Hadija, mmoja wenu aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla sijastaafu. Nikamjibu kwamba nilikuwa napanga nani amfuate nani. Akamgeukia mwenzake, akamwambia kwa Kiswidi kwamba Bibi Zaituni alikuwa polisi. Nilisikia. Kiswidi changu kina lafudhi ya Jinja, lakini masikio yangu hayana lafudhi.

Sikuwa polisi. Kwa miaka ishirini na sita nilikaa kwenye ofisi ndogo pale Sundbyberg, orofa ya tatu, juu ya duka la miwani, nikipanga mechi za mpira wa miguu za wanafunzi wa vyuo vya nchi hii nzima. Mwaka ulikuwa na kazi zake nyingi, ila kazi yenyewe hasa ilikuja mwezi wa tano, timu kumi na sita bora zinapoingia kwenye mtoano, ile mnayoiita slutspel. Nani acheze na nani, uwanja gani, siku gani, na atafikaje huko. Hayo matatu ya kwanza mtu anaweza kuyapanga huku anamenya viazi. Hilo la nne ndilo lililonilisha.

Nawaandikia kwa sababu nasikia mnaandaa mashindano yenu kiangazi hiki, na mmeshaalika timu za Göteborg na Malmö bila kuuliza watalala wapi. Kwa hiyo kaeni chini mnisome. Atakayeshindwa na Kiswahili changu amwombe mama yake amsaidie, itakuwa heri kwa wote wawili.

Kazi ile sikuiomba. Nilipokimbia Uganda niliishi Nairobi, mtaa wa Pumwani, miaka minne, nikikata tiketi kwenye ofisi ya mabasi ya safari ndefu. Ndiko nilikopata Kiswahili hiki, na ndiko nilikojua kwamba abiria hakasirishwi na safari ndefu. Anakasirishwa na safari aliyodanganywa. Nilipofika Stockholm nilisugua sakafu, nikaosha vyombo vya shule, kisha ofisi ya ajira ikanipeleka kushika nafasi ya mama mmoja aliyekwenda kujifungua. Miezi sita tu, waliniambia. Yule mama akapata mtoto wa pili, halafu akahamia Norway. Mimi nikabaki na kiti chake, na kikombe chake pia.

Aliyenifundisha aliitwa Gun-Britt. Alikuwa mfupi, mkavu wa maneno, na kabla ya hapo alikuwa amewapangia zamu madereva wa mabasi kwa miaka mingi. Wiki yangu ya pili nilimpelekea ratiba niliyoipanga kwa kujisifu sana. Aliisoma yote, akaniuliza:

"Timu ya Karlstad inamaliza kucheza Kalmar saa kumi na mbili jioni ya Jumapili. Vizuri. Inarudije?"

Nikasema, "Kwa treni."

"Treni ipi?"

Nilitazama ratiba yangu, treni haikuwamo. Akanipa kitabu cha nyakati za treni, kinene kama kitabu cha dini, akaniambia nisimrudishie mpaka nimejua kurudisha watu nyumbani. "Kufika kila mtu anafika," alisema. "Mwanafunzi aliyelala kituoni Jumapili hafanyi mtihani Jumatatu, na mwaka unaofuata hachezi." Nilikaa na kile kitabu mwezi mzima. Nilikisoma ndani ya treni ya chini ya ardhi kutoka Tensta mpaka watu wakadhani nasomea udereva.

Na bado nikakosea. Nendeni mkatazame ramani ya nchi yenu: kuna mji unaitwa Skellefteå, na kuna mji unaitwa Sollefteå. Kwa masikio ya mtu wa Jinja hayo ni majina ya mapacha. Mimi niliagiza basi la timu ya Örebro, nikampa dereva jina la Sollefteå. Wapinzani wao walikuwa Skellefteå, mbali zaidi kaskazini, safari ya nusu siku nyingine. Jumamosi asubuhi simu ikalia nyumbani. Alikuwa kocha wa Örebro, ametulia kabisa.

"Tuko uwanjani," akasema. "Uwanja ni mzuri. Kuna mzee mmoja anatembeza mbwa. Tucheze naye?"

Niliketi kwenye sakafu ya jikoni. Kisha nikanyanyuka, nikampigia kila mtu niliyemjua, mechi ikachezwa Jumapili mchana, na kocha yule alinitumia kadi ya Krismasi miaka yote iliyofuata, kila mara akiandika: salamu kutoka Sollefteå. Gun-Britt hakunigombeza. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika majina yale mawili kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya meza yangu. Ilikaa pale mpaka siku niliyostaafu. Kwa hiyo mnaposema jina la uwanja kwenye simu, litajeni herufi kwa herufi, na mtaje na mji ulio karibu. Msione haya. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja.

Sasa nifike kwenye jambo ninalojivunia, maana mzee akisema hana anachojivunia, anadanganya.

Zamani mtoano ulipangwa kwa ubora peke yake. Timu ya kwanza kwa pointi inacheza na ya kumi na sita, ya pili na ya kumi na tano, na kuendelea hivyo, na aliye juu ndiye mwenyeji. Ni haki, na inaonekana nadhifu kwenye karatasi. Lakini nchi hii ni ndefu kama nyoka. Vyuo vingi viko kusini na katikati, na timu zao zilikuwa na wachezaji wengi na viwanja visivyolala chini ya theluji nusu ya mwaka. Timu ya wanawake ya Luleå, kule juu karibu na mpaka wa Finland, ilikuwa inaingia mtoano kila mwaka kwa kukwaruza, ya kumi na nne, ya kumi na tano. Maana yake kila mwaka raundi ya kwanza wanapelekwa Lund au Göteborg, wanasafiri nchi nzima, wanafungwa, wanarudi. Na nauli ni ya kwao wenyewe. Walikuwa wakiuza mikate ya mdalasini chuoni majira yote ya baridi ili wacheze dakika tisini.

Niliyajua hayo kama tarakimu. Sikuwa nimeyasikia kama sauti, mpaka siku moja ya mwezi wa kwanza nahodha wao aliponipigia simu. Alianza kwa Kiswidi safi, akajitaja kuwa ni Solange, anasomea uhandisi. Nilipomtajia jina langu akaacha Kiswidi, akauliza kwa Kiswahili cha Bukavu, Kongo:

"Mama, weye ni wa kwetu?"

"Mimi ni wa Uganda, mwanangu. Sema."

"Mama, siye tumechoka. Kila mwaka tunaenda mbali sana, tunacheza mechi moja tu, tunapigwa, tunarudia. Mwaka uliopita tulienda watu kumi na mbili, juu pesa ya wengine haikupatikana. Kipa aliumia, tukamuweka beki golini. Wasichana wanasema basi, tutoke. Nimewaomba wangoje nikuongeleshe kwanza. Njo vile, Mama."

Njo ya Bukavu ni ndiyo yetu, na juu yao ni kwa sababu. Nikamwambia sitamwahidi nisichoweza, ila asijitoe kabla ya kikao cha wawakilishi wa vyuo cha mwezi wa pili. Akasema, "Merci, Mama," akakata.

Kikao chenyewe nilikuwa nimekwisha kuona ajenda yake. Mwakilishi wa vyuo vya kusini, mwanamume mrefu aliyeitwa Lennart, alikuwa ameandika pendekezo kwamba timu za kaskazini zitolewe kwenye mtoano, zipewe kombe lao dogo huko huko. Kwa faida yao wenyewe, aliandika. Lennart hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kusubiri basi Boden, kule kaskazini kwenye theluji. Lakini maneno yale, kwa faida yao wenyewe, mimi nilikuwa nimeyasikia kwenye ofisi nyingi maishani mwangu, na kila mara yalipomalizika mtu alikuwa amebaki nje ya mlango.

Nikakaa na ramani siku tatu. Nikazigawa timu kumi na sita kwenye makundi manne kwa ujirani, kila kundi likutane uwanja mmoja, wikiendi moja. Jumamosi mechi mbili, Jumapili washindi wanakutana. Raundi mbili kwa safari moja. Wanaobaki wanne waje Stockholm kumalizia. Nauli zilishuka hata mimi nikashangaa. Nikafurahi sana, nikapeleka kazi yangu kwa Gun-Britt, ambaye alikuwa amestaafu na anaishi dakika kumi kutoka ofisini. Akatengeneza kahawa, akavaa miwani, akaitazama mpaka kahawa yangu ikapoa.

"Zaituni," akasema, "Stockholm, Uppsala, Linköping na Örebro umewaweka kundi moja."

"Ni majirani."

"Ndiyo. Na watatu kati yao ni miongoni mwa timu sita bora. Umewafungia simba wote shimo moja, na shimo la pembeni umeweka mbuzi. Lennart atakumaliza kwa dakika mbili, na atakuwa na haki."

Nilisikia joto usoni. Alikuwa sahihi, nami sikuwa nimeliona kwa sababu nilikuwa nimeipenda ramani yangu kupita kiasi. Mkipenda mpango wenu, wanangu, mpeni mtu asiyewapenda ausome.

Tulikaa mezani kwake mchana kutwa. Yeye ndiye aliyetoa bakuli nne kabatini, mimi ndiye niliyeandika majina ya timu kwenye vipande vya karatasi. Bakuli la kwanza, timu nne bora. La pili, nne zinazofuata. La tatu, na la nne. Kila kundi lazima lichukue timu moja kutoka kila bakuli, hivyo hakuna kundi la simba wala la mbuzi. Lakini waliomo ndani ya bakuli moja ni sawasawa kwa ubora. Ukimtoa huyu kundi hili ukamweka yule, hakuna aliyedhulumiwa. Basi hapo ndipo unapoiacha barabara iamue.

Nililiona jambo hilo mara moja. Haki na nauli tulikuwa tumezifanya maadui miaka yote, kumbe zilikuwa zinaweza kukaa meza moja.

Likabaki moja: nani awe mwenyeji. Kundi la kaskazini lilikuwa na Uppsala kutoka bakuli la kwanza, Umeå, Gävle, na Luleå. Ukiwapa Uppsala uenyeji kwa sababu ni bora, Luleå wamerudi barabarani. Nikaamua wakutane Sundsvall, ambako hakuna aliyekuwa nyumbani. Gun-Britt akatikisa kichwa, akasema hapo ndipo vita itakapokuwa, na akanifungia mkate wa mdalasini kwenye karatasi nile njiani.

Kwenye kikao sikutoa hotuba. Kiswidi changu nikikasirika kinakimbia, na nilijua nitakasirika. Nilitandaza ramani mezani, nikampa kila mwakilishi uzi wa sufu mwekundu, nikawaomba wapime safari ambazo timu zao zilisafiri mtoano uliopita, kutoka nyumbani na kurudi. Kisha nikawapa uzi wa kijani, wapime kwa mpango wangu. Walinicheka kidogo, lakini watu wazima ukiwapa uzi na ramani hawawezi kujizuia. Dakika tano chumba kizima kilikuwa kimeinama.

Lennart alikuwa na timu za Lund, Halmstad, Växjö na Kalmar. Alikuwa anawakumbuka Lund tu, ambao kila mara hucheza nyumbani. Alipofika Kalmar, ambao mwaka uliotangulia walitupwa mpaka Umeå, uzi mwekundu ulimwishia, akaomba mwingine. Alipomaliza alikuwa ameshika uzi mwekundu uliofika sakafuni, na wa kijani uliokomea kwenye kiwiko.

Aliviringisha nyuzi zote mbili kidoleni. Kisha akasema, "Uppsala wamefanya kazi mwaka mzima kupata nafasi ya juu. Unawanyang'anya uwanja wao. Hilo si haki."

"Ni kweli nawanyang'anya," nilimjibu. "Kwa hiyo nawapa kitu kingine. Timu bora ya kila kundi inacheza mechi ya kwanza Jumamosi. Inapata masaa matatu zaidi ya kupumzika kabla ya Jumapili. Kocha yeyote atakuambia masaa matatu ya miguu ni kitu."

Akamtazama mwakilishi wa Uppsala, mwanamke aliyekuwa kocha zamani. Yule mama akainua mabega. "Mimi ningechukua masaa," akasema.

Walipiga kura, mpango wangu ukapita. Pendekezo la kombe dogo halikufika hata kwenye kura, Lennart aliliondoa mwenyewe. Aliomba jambo moja tu, kwamba tuujaribu mwaka mmoja kisha tuutazame upya. Mpaka leo bado wanautazama, na bado wanautumia.

Jioni ile nikampigia Solange. Nilimwambia ukweli: "Sikuweza kukupa nyumbani. Nimekupa Sundsvall. Ni masaa sita kwa basi."

Akacheka. "Mama, masaa sita kwetu huku njo jirani."

Kuna mengi madogo ningependa myajue, nayatupa hapa kama yanavyonijia. Pimeni safari kwa masaa, si kwa kilomita. Kilomita haimchoshi mtu, saa ndiyo inayomchosha. Kila timu ina mtu mmoja anayejua kila kitu, na mara nyingi si kocha. Mtafuteni, mara nyingi ni yule anayefua jezi. Aprili ya Skåne kule kusini na Aprili ya Norrbotten kule kaskazini ni nchi mbili, kwa hiyo ulizeni kama uwanja una nyasi bandia na nani anaondoa theluji. Msimwamini mtu anayesema "karibu" bila kusema karibu na nini.

Na msiiamini mashine peke yake. Mwaka wangu wa mwisho ofisi ilileta programu ya kupanga mtoano, na kijana mpole aliyeitengeneza akanionyesha jinsi inavyomaliza kwa nukta moja kazi niliyokuwa naifanya wiki mbili. Nilimsifu kwa dhati, maana ilikuwa kazi nzuri. Kisha nikamwonyesha kwamba programu imewaweka Visby na Norrköping kama majirani. Akasema ni karibu, akanionyesha namba. Nikamwambia ni karibu kweli, kwa bata. Visby iko kisiwani. Watu wanapanda feri mpaka bandari ya Nynäshamn kwanza. Aliona haya, nikamwambia habari za Sollefteå, akajisikia vizuri. Tulirekebisha pamoja, na kanuni ya bakuli nne imo ndani ya mashine ile, mstari kwa mstari. Alinionyesha mahali ilipoandikwa. Nilisoma nisielewe hata alama moja, lakini nilisimama pale muda mrefu.

Sasa mtataka kujua Luleå walifanyaje. Kule Sundsvall, Luleå waliwafunga Umeå Jumamosi. Jumapili walikutana na Uppsala, wakawatoa kwa penalti, kwa hiyo wakaja Stockholm, kwenye timu nne za mwisho, jambo ambalo timu yao haikuwahi kulifanya. Fainali walifungwa na Lund mabao mawili kwa bila, na Lennart alikuja kunipa mkono, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Kwa hiyo kombe hawakulipata, nisije nikawadanganya.

Lakini ninayotaka kuwaambia ni ya nusu fainali, siku moja kabla. Katika miaka yote ile sikuwa nimewahi kwenda kutazama mechi niliyoipanga. Siku hiyo nilikwenda. Walikuwa wamefika na treni ya usiku, na Solange, msichana mrefu mwenye nywele za kusuka, alikuja kunisalimia kabla ya mechi, akanishika mabega kama ndugu. Nikamuuliza amekuja na wangapi.

"Wote, Mama. Kumi na nane. Ni mara ya kwanza tunakuja wote." Akanionyesha msichana mfupi aliyekuwa anafunga kamba za viatu pembeni. "Ule anaitwa Maja. Ni wa Gällivare. Iko mwaka wa tatu na siye, hajawahi kusafiri na timu kwa mtoano hata siku moja. Kila mara viti vikiwa kidogo, yeye njo anabaki."

Mechi yao na Stockholm ilikuwa sare ya bao moja kwa moja mpaka dakika za mwisho. Nahodha wa Stockholm alikuwa amechoka, Solange alikuwa amechoka, kila mtu alikuwa anatembea. Kocha wa Luleå akamwingiza yule Maja. Miguu yake ilikuwa mipya. Mpira ulitemwa na kipa, ukadunda mara moja, na Maja akawa ndiye pekee uwanjani ambaye bado alikuwa na nguvu ya kuukimbilia. Aliugusa kwa ndani ya mguu, taratibu, kama mtu anayefunga mlango mtoto asiamke. Ukaingia.

Wenzake walimrukia wote. Watu waliokaa karibu nami walikuwa wanauliza huyu ni nani, mbona jina lake hawalijui. Mimi nililijua, na nilijua kwa nini yuko pale. Nikavua kilemba kilichokuwa kimelegea, nikakifunga upya vizuri, nikasimama nikampigia makofi mpaka refa alipomaliza mpira.